Namna ya Kumlisha Nabintu

Jumatatu, 6 Oktoba

Watoto kumi na wawili. Wawili ni wapya. Magoti, nyonga, vidole vilivyojikunja. Mmoja alinitapikia begani. Umeme ulikatika saa tatu, tukahamia varandani, mvua ikaturudisha ndani.

Baada ya kazi masere mkurugenzi aliniita ofisini. Mtawa huyu hapendi maneno mengi. Alinipa bahasha nene na kusema nianze wiki hii. Ndani kuna fishi, karatasi za kupimia, za aina mbili. Za kijani ni za wafanyakazi: nani ana ujuzi wa kazi hii, nani bado. Nyeupe ni za watoto: nani yuko tayari kwenda shule ya kawaida, nani bado. Katika kituo chetu cha watoto wenye ulemavu ni mimi peke yangu niliyefuata mafunzo ya Agosti. Kwa hiyo nitawapima wote. Mimi, kine, mtu wa kunyoosha viungo. Nitawapa pointi watu walionifundisha kazi.

Sina maoni. Bahasha iko juu ya kabati.

Jumanne, 7 Oktoba

Shule ya msingi iliyo chini ya kilima chetu imekubali watoto watatu. Wataanza baada ya sikukuu ya Watakatifu Wote. Direkta wa shule anataka majina kabla mwezi haujaisha. Ana sharti moja: kila adhuhuri mtu wetu ateremke kuwalisha na kuwabadilisha nguo, maana walimu wake hawawezi. Na mtu huyo awe amepita fishi ya kijani.

Masere ameshamchagua maman Feza. Hata mimi ningemchagua yeye. Ni msaidizi wa wagonjwa, hana diploma, yuko hapa miaka ishirini na miwili. Anamjua kila mtoto kwa kilio chake. Mimi alinipokea nikiwa si mfanyakazi. Nilipanda kilima hiki na Akonkwa mgongoni, ana miezi saba, shingo haijakaza. Nilikuwa kine tayari, lakini wa watu wazima. Magoti ya wachezaji wa mpira, migongo ya wabeba mizigo. Juu ya mtoto kama wangu sikujua kitu. Maman Feza alimchukua mikononi na kunionyesha namna ya kumshika, kumwosha, kumlisha.

Akonkwa alikufa akiwa na miaka minne. Kifua. Sasa ni miaka mitatu. Hapa bado wananiita maman Akonkwa. Sijawakataza.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimeanza na watoto. Wavulana wawili wa magongo, fishi zao zimejaa kwa dakika ishirini. Wako tayari.

Wa tatu ni Nabintu. Miaka saba. Alichelewa kulia alipozaliwa. Mikono haimtii, miguu haimtii, maneno hayatoki. Mama yake anauza sambaza, samaki wadogo wa ziwa, sokoni Kadutu na humwacha hapa alfajiri. Fishi inauliza: anaweza kuketi nusu saa akishikiliwa na kiti? Anaweza. Anaelewa maagizo? Nilimwambia aangalie mlango, akaangalia mlango. Aangalie herufi B kati ya nne, akaiangalia B na kubaki hapo mpaka nikacheka kidogo. Anajibu? Akiinua macho juu ni ndiyo. Akiyafumba ni hapana. Hajawahi kuchanganya.

Anakula? Anakula na maman Feza tu.

Hakuna mahali pa kuandika kama mtoto mwenyewe anataka. Nilimwuliza hata hivyo. Aliinua macho juu na kuyaacha huko, kama mtu aliyeona ndege.

Alhamisi, 9 Oktoba

Niandike sasa, nisije nikaendelea kuzunguka.

Namba saba ya fishi ya kijani ni kumlisha mtoto asiyemeza vizuri. Kwenye mafunzo mwalimu alikuwa kine mzee aliyekuja na boti kutoka Goma. Alichukua mdoli, akamlaza mkononi, akainua kidevu chake juu, akamimina maji mdomoni kwa kijiko. Akasema: hivi ndivyo nyote mnafanya, na hivi ndivyo uji unaingia kwenye mapafu. Mtoto anakohoa, au hakohoi kabisa, na hiyo ndiyo mbaya zaidi. Baada ya wiki ni kifua. Baada ya mwezi ni kifua tena.

Akonkwa alipata kifua mara tatu katika mwaka wake wa mwisho.

Wote waliandika. Na mimi niliandika. Mwandiko wangu siku hiyo ni mzuri, nimeuangalia leo. Halafu tulienda kula. Nilikula.

Sijamwambia mtu.

Ijumaa, 10 Oktoba

Wauguzi wawili wa zamu ya asubuhi. Wamepita. Mmoja alijibu amesimama wima, kama yuko kwenye mtihani wa serikali.

Jumatatu ni zamu ya maman Feza.

Jumatatu, 13 Oktoba

Maswali yameandikwa kwa Kifaransa. Maman Feza anasoma Kifaransa polepole, kidole juu ya mstari. Nilimsomea kwa Kiswahili, ingawa walisema tusifanye hivyo. Alijibu yote. Degedege: alimlaza mtoto kwa ubavu, akalegeza nguo, akaangalia saa, hakuweka kitu mdomoni. Kumbeba mtoto aliyekakamaa: hakuna anayembeba kama yeye, anamkunja magoti kwanza na mwili wote unalainika. Niliandika pointi zote.

Kisha saa sita. Namba saba.

Alimpakata Nabintu kwenye mkono wa kushoto. Akamlaza kichwa nyuma. Kidevu juu. Uji wa unga wa sosoma, mwepesi. Kijiko kilienda mpaka mwisho wa ulimi, kikamimina. Alikuwa anamwimbia kidogo kwa lugha ya Mashi. Nabintu alimeza, alimeza, akakohoa. Macho yakajaa maji. Maman Feza alimpangusa kwa kikwembe alichojifunga na kuendelea. Akakohoa tena. Mara tatu nilihesabu. Pumzi yake ikatoa sauti ya maji.

Mikono ile ile. Nilikuwa naitazama kama mtu anayetazama picha yake mwenyewe.

Niliandika sifuri. Chini, kwenye mstari wa mwisho: hayuko tayari. Maman Feza aliniuliza imekuwaje. Nilimwambia nina mtoto mwingine ananingoja. Hapakuwa na mtoto.

Jumanne, 14 Oktoba

Masere alisoma fishi mara mbili. Aliniuliza kama nina hakika. Nikasema ndiyo. Aliniuliza kama najua maana yake. Najua. Wale wavulana wanakula wenyewe, watateremka na mtu yeyote. Nabintu bila maman Feza haendi shule. Atabaki hapa, aangalie mlango.

Alimwita maman Feza ofisini. Dakika tano, labda chini. Maman Feza alitoka, akavua bluzi yake ya kazi, akaikunja, akaiweka juu ya benchi. Akateremka ngazi. Hakunitazama. Ni kweli kwamba nilikuwa nimejificha nyuma ya pazia la chumba cha mazoezi.

Mchana hakuna aliyekaa nami kwenye meza. Ni haki yao. Wameambiwa nimemfelisha. Hawajaambiwa kwa nini, na hata masere nimempa sababu ya fishi tu. Yangu sikuitoa.

Jumatano, 15 Oktoba

Maman Feza hakuja. Nabintu hakula.

Alhamisi, 16 Oktoba

Hakuja. Msaidizi mmoja, msichana mpya, alimbana Nabintu pua ili afungue mdomo na kummiminia. Nilifika amekwisha kummiminia nusu kikombe. Nilimnyang'anya kijiko kwa nguvu, akalia. Nilijaribu mwenyewe, taratibu, kama fishi inavyosema. Nabintu alifumba macho. Hapana.

Nilimpigia simu yule mwalimu wa Goma. Mtandao ulikatika mara mbili. Nilimwuliza kama mtoto anaweza kufa kwa kulishwa vile. Nilisema ni mtoto wa mama mmoja hapa kwetu. Akasema inawezekana, watoto hawa wana sababu nyingi za kuugua kifua, hakuna atakayejua kwa hakika. Akauliza kama huyo mama ana mtu wa kuongea naye.

Nikamjibu ndiyo, anaye. Nikakata.

Jumamosi, 18 Oktoba

Nilienda kwake Cimpunda. Njia ni tope tupu, nilipanda nimeshika viatu. Nilimkuta mlangoni anachambua maharagwe kwenye ungo. Alinionyesha kiti kwa kidevu. Aliendelea kuchambua. Mawe upande mmoja, maharagwe upande mwingine.

Nilimwambia yote ya mafunzo. Kwamba kooni kuna njia mbili, ya chakula na ya pumzi. Kwamba kichwa kikirudi nyuma njia ya pumzi inabaki wazi, na mtoto hana muda wa kuifunga. Mtoto aketi wima, kidevu kiteremke kidogo, uji uwe mzito, kijiko kitoke mbele na chini, na usubiri ameze. Nilieleza kama ninavyoeleza kwa wanafunzi. Sauti yangu haikubadilika.

Alisikiliza mpaka mwisho. Mikono yake ilisimama.

"Ile njo namna nilikufundishaka kulisha Akonkwa."

"Ndiyo, maman."

"Na njo ilileta kile kifua."

"Sijue. Hakuna mwenye anajua. Inawezekana."

Aliweka ungo chini. Nilidhani atalia, au atanifukuza.

"Basi ni miye," alisema.

"Ulinionyesha. Kulisha, nililisha na mukono yangu. Kila siku, miaka ine."

Baadaye alinieleza kwamba na yeye alionyeshwa, na masere mmoja wa zamani aliyeshakufa, mtu mwema sana, aliyekuwa akiwapa watoto uji wake mwenyewe. Watoto wangapi, aliuliza. Hakuniuliza mimi. Alikuwa anayauliza maharagwe.

Nilimwambia Nabintu hataki kula tangu Jumatano. Arudi Jumatatu, nimfundishe. Alisema fishi imeshasema hawezi. Nikasema fishi imesema hayuko tayari, na tayari ni kitu cha leo, si cha milele. Sijui kama fishi inasema hivyo. Niliisema mimi.

Aliingia ndani, akafunga mlango. Nilirudi.

Jumapili, 19 Oktoba

Papa Akonkwa, mume wangu, hupiga simu Jumapili baada ya misa. Yuko Luhwindja, fundi wa mota za maji kwenye machimbo. Aliondoka mwaka uliofuata kifo. Hatukugombana. Nyumba ilikuwa na nafasi nyingi mno.

Nilimwambia. Kijiko, kidevu, mapafu. Sikupunguza kitu. Nilisikia mota nyuma yake, kisha sikuisikia tena, nadhani alisogea mbali.

"Usiniambie tena hiyo kitu," alisema.

Akakata. Nilifua mashuka.

Jumatatu, 20 Oktoba

Maman Feza alikuja. Saa moja kasoro, kabla yangu. Bluzi yake ilikuwa imebaki juu ya benchi tangu Jumanne, hakuna aliyethubutu kuigusa. Nilipofika alikuwa ameivaa. Alinisalimu kama siku zote.

Kabla hatujaanza nilichukua fishi ya kijani tupu na kuandika jina langu juu yake. Namba saba: sifuri, kwa miaka yote kabla ya Agosti. Nilimpelekea masere na kumwambia sababu. Mara ya kwanza naitamka mbele ya mtu wa kazini. Masere alivua miwani. Aliniuliza kama nataka likizo. Nikasema nataka kiti kidogo chenye mikono miwili, kile kilicho kwenye kapela ya watawa. Alinipa.

Tulimketisha Nabintu wima. Mto kila upande, miguu juu ya tofali. Mimi nilishika kichwa chake kwa nyuma, kidogo tu. Maman Feza alichuchumaa mbele yake, chini kuliko macho yake. Miaka yote amewalisha watoto akiwa juu yao. Magoti yake yalilia.

Kijiko cha kwanza Nabintu alikitema. Cha pili pia. Alirusha kichwa nyuma mwenyewe, kama alivyozoea, akafungua mdomo kuelekea dari. Anadhani ndivyo watu wanavyokula. Nilirudisha kichwa. Akafumba macho.

Dakika arobaini, vijiko vinne.

Jumanne, 21 Oktoba

Vijiko saba. Hakukohoa. Maman Feza anangoja vizuri kuliko mimi. Mimi nataka kusaidia. Yeye anatazama koo tu, linapanda, linashuka, ndipo anainua mkono.

Nabintu ana joto kidogo. Nilimpima mara mbili.

Jumatano, 22 Oktoba

Homa. Mbavu zinaingia ndani akivuta pumzi. Tulimpeleka hospitali kwa pikipiki, maman Feza nyuma ya dereva, mtoto katikati, mimi kwa nyingine. Daktari alisikiliza kifua upande wa kulia na akasikiliza tena. Alituambia ni mapafu.

Mama yake alikuja kutoka sokoni na kikapu chake bado kichwani. Aliuliza imetokea wapi. Maman Feza alinitazama.

Nilimwambia. Kwamba tulikuwa tunamlisha vibaya, kituo chote, na tumegundua, na tunajifunza upya, na huenda imetoka huko. Niliongea nikitazama kikapu. Hakupiga kelele. Aliniuliza kama yeye nyumbani amlishe namna gani, maana yeye pia anamlaza. Hapo hapo kwenye korido, kwa kikombe kitupu, maman Feza alimwonyesha.

Alhamisi, 23 Oktoba

Homa haijashuka. Sindano asubuhi na jioni. Nimeketi kwenye benchi, sisikii chochote ndani. Nilizijua benchi hizi tangu wakati wa Akonkwa. Nilijua hata rangi ya ukuta. Nilisubiri kuogopa, kama mtu anavyosubiri kupiga chafya. Hofu haikuja.

Maman Feza alisali rozari nzima. Mimi nilihesabu pumzi za mtoto kwa dakika. Kila mtu na kazi yake.

Ijumaa, 24 Oktoba

Hospitalini, baada ya saa za kazi. Homa imeshuka kidogo.

Nimetumia benchi kwa kazi. Nilichukua daftari langu la miaka na kutafuta akina mama niliowafundisha kulisha. Mimi, kwa mdomo wangu. Kumi na wanane. Namba za kumi na mmoja bado zinapita. Niliwapigia mmoja baada ya mwingine. Aketi wima. Kidevu chini. Uji mzito. Subiri. Wengine walishukuru. Mmoja alisema mtoto wake sasa anakula bugali na mboga ya sombe peke yake, nisijisumbue.

Wa tisa ni wa Walungu. Alikuwa akija kila mwezi, anatoka kwao kabla ya mapambazuko. Aliitika kwa furaha. Aliniuliza habari za kazi. Kisha akasema mutoto alishaenda, mwezi wa sita, kifua. Akanishukuru kwa yote niliyowafanyia.

Sikumwambia. Nilisema pole, maman. Pole sana. Nilikata, nikapiga namba ya kumi.

Nitaiandika hapa ilivyo: mama wa Nabintu nilimwambia, huyu sikumwambia. Sijui kama ni huruma au woga. Nadhani ni woga.

Jumapili, 26 Oktoba

Nabintu amekula vijiko tisa kitandani, amekaa wima kwenye mapaja ya mama yake. Daktari anasema Jumanne ataruhusiwa.

Papa Akonkwa alipiga simu saa yake. Aliongea juu ya mvua, juu ya mota iliyoungua. Hakutaja. Mwishoni alisema hataweza kufika siku ya marehemu, barabara si nzuri. Nifyeke kaburi. Niangalie kama msalaba haujalala. Nikamwambia nitafyeka. Ndiye aliyekata, lakini safari hii aliaga kwanza.

Jumanne, 28 Oktoba

Ametoka hospitali. Mwembamba. Alipoletwa kituoni alitafuta kiti chake kwa macho.

Masere anauliza juu ya majina. Nimemwambia Alhamisi.

Alhamisi, 30 Oktoba

Fishi mpya ya kijani. Niliomba muuguzi mmoja aandike pointi pamoja nami, ili isiwe neno langu peke yangu. Wasaidizi wengine walisimama mlangoni. Yule msichana mpya pia.

Maman Feza alinawa mikono. Aliweka kiti kwenye mwanga. Alimketisha Nabintu, akapanga mito, akaangalia miguu, akachuchumaa. Alionja uji, akaukuta mwepesi, akaurudisha jikoni uongezwe unga. Tulingoja. Hilo halimo kwenye fishi. Muuguzi aliliandika pembeni.

Kijiko kutoka mbele, chini. Nabintu alikiona kinakuja. Alifungua mdomo, akafunga. Koo likapanda. Likashuka. Maman Feza hakuimba leo. Alisema baadaye kwamba hawezi kuimba na kusikiliza.

Nusu kikombe kwa dakika thelathini na tano. Kikohozi hakuna. Sauti safi.

Niliandika pointi za namba saba. Mkono wangu ulikuwa mzito, niliandika kama mtoto wa darasa la kwanza. Mstari wa mwisho: yuko tayari. Maman Feza alisimama kwa kushika ukuta. Aliniomba fishi, akasoma jina lake kwa kidole, akairudisha.

Ijumaa, 31 Oktoba

Majina matatu yameteremka shuleni. La Nabintu ni la tatu. Direkta aliuliza kama tuna hakika juu ya huyu. Masere alimjibu kwamba tumepima.

Wiki ijayo naanza kuwafundisha wasaidizi wote namba saba. Maman Feza ataonyesha, mimi nitaeleza. Nimeandika pia barua kwa mama wa Walungu. Haijatumwa. Iko ndani ya daftari hili.

Jumapili, 2 Novemba

Siku ya marehemu. Watu wengi makaburini, panga, majembe, maua ya karatasi. Nilimkuta maman Feza ameshafika kwenye kaburi la Akonkwa. Sikumwita. Alikuwa amepiga magoti, anang'oa majani kwa mkono kuzunguka msalaba. Nilianza upande mwingine. Tulikutana katikati.

Msalaba ulikuwa umeinama. Tuliusimamisha, tukashindilia mawe.

Nilikaa chini. Niliona jina lake, herufi zimefifia. Miaka mitatu nimekuwa nikimkumbuka akiwa amelala kitandani, pua inapanuka na kufunga. Nilimwambia maman Feza hivyo. Kwamba sina picha nyingine.

Alifikiri, huku anapangusa udongo vidoleni.

"Alikuwa anachekaka mbele kijiko ifike," alisema. "Akisikia tu kikombe. Anacheka mwili muzima, mupaka ananimwangia uji. Unasahau?"

Nilikuwa nimesahau. Kabisa. Nilijaribu kuisikia hiyo sauti, na mwanzoni hakuna, na kisha kidogo, kwa mbali, kama redio ya jirani.

Tulikaa mpaka watu wakaanza kuondoka.

Jumatatu, 3 Novemba

Waliteremka saa moja na nusu. Wavulana mbele na magongo yao. Nabintu mgongoni mwa maman Feza, amefungwa na kikwembe cha bluu, kiti kimebebwa na mlinzi wetu. Sikuenda. Nilikuwa na watoto wa kunyoosha.

Adhuhuri nilitazama saa mara nyingi.

Maman Feza alipanda saa nane. Alikaa kwenye ngazi kupumzisha magoti na kunieleza. Nabintu amekula nusu kikombe mbele ya darasa zima. Wamemzunguka, wanatazama. Msichana mmoja aliuliza kwa nini huyu mukubwa analishwa. Maman Feza alimjibu bila kugeuka, macho yake kwenye koo la Nabintu:

"Na weye ulilishwaka."

Yule msichana alifikiri. Kisha akaketi chini, akatoa chakula chake, akaanza kula pamoja naye.

Maman Feza alienda kuosha kikombe. Mimi nilibaki kwenye ngazi kidogo. Ziwa lilikuwa jeupe kwa jua. Nilikuwa nimechoka, uchovu wa kawaida, wa mgongo na wa miguu.